Kapsuli tatu kwenye kidonda kimoja

Mwaka jana nilimkuta shangazi kibarazani, mguu kauweka juu ya kigoda, anafungua kapsuli za rangi mbili kwa kucha na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda cha kisigino. "Moja haikufanya kitu," akaniambia, "leo naweka tatu." Ana kisukari, na kidonda kilishatimiza miezi miwili. Unga ulikuwa umegandamana na majimaji, ukafanya gaga la njano, na ukilibonyeza unaona chini yake nyama imelowa.

Sikumcheka. Wengi wetu tumelelewa hivyo: dawa ikichoma ndiyo dawa. Ila tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, zinazoua vijidudu, na kila ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba wingi unatuponza.

Stori inayopendwa zaidi ni ya chura. Katika miaka ya 1980 Michael Zasloff, mtafiti wa Marekani, alikuwa akiwapasua vyura wa jamii ya Xenopus, wenye asili ya kusini mwa Afrika, ili apate mayai yao. Anawashona, anawarudisha kwenye maji machafu yaliyojaa bakteria, nao wanapona bila usaha. Akaitafuta siri kwenye ngozi yao, na mwaka 1987 akatangaza peptidi alizoziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Sisi binadamu nasi tunazo peptidi zetu. Mojawapo inaitwa LL-37, mnyororo wa asidi amino 37 unaotengenezwa na seli za ngozi na chembe nyeupe za damu. Ina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi. Inaung'ang'ania na kuuvuruga mpaka unavuja. Haiishii hapo. Inaziita seli za ngozi zisogee kufunika jeraha, na inachochea mishipa midogo ya damu ichipue. Watafiti wa Sweden walichunguza kingo za vidonda sugu wakakuta LL-37 imepungua mno.

Basi si tuipake tu? Wameshaipaka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 34 wenye vidonda vya miguu vitokanavyo na ubovu wa mishipa ya vena walipewa ama dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha tiba, ama LL-37 kwa vipimo vitatu vya nguvu tofauti. Vipimo viwili vya chini viliharakisha kupona. Kile kikali kuliko vyote hakikuipita dawa bandia! Hapo ndipo nilipozikumbuka kapsuli tatu za shangazi. Jaribio kubwa zaidi lililofuata halikuonyesha tofauti kwa wagonjwa wote kwa ujumla. Na kwenye ngozi yenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi, peptidi hiyo hiyo imezidi, nayo inachangia kuuwasha moto wa ugonjwa.

Magazeti yanayosema ngozi ya chura itachukua nafasi ya antibiotiki yanatia chumvi. Peksiganani, dawa iliyotokana na magainini, ilikataliwa Marekani mwaka 1999, na majaribio ya baadaye kwenye vidonda vya miguu ya wenye kisukari nayo yalikwama. Utafiti uendelee, tena kwa fedha za kutosha, kwa sababu usugu wa dawa hautusubiri. Ninachokataa ni hesabu ya "ongeza nguvu, kitapona". Muuza dawa aliyemhesabia shangazi kapsuli mojamoja hakumuuliza hata zinakwenda wapi.

Tulimbembeleza siku tatu ndipo akakubali kwenda kliniki. Muuguzi alianza kwa kuuosha unga wote kwa maji ya chumvi ya chupa ya dripu, polepole, akakata ngozi iliyokufa, akapima sukari: 17, juu mno. Akamkataza kukanyagia kisigino. Shangazi akasubiri apewe dawa ya kupaka, akapewa gozi safi ya kufungia kidonda na tarehe ya kurudi.

Kapsuli zilizobaki alinikabidhi nizirudishe dukani, nimdaie hela yake.