Kamati za harusi, mniachie kabati langu

Mwaka huu nimeamua sinunui nguo. Kabati limejaa, sokoni Karume siendi, na dada anayepitisha mitumba ofisini nikimwona najifanya naongea na simu. Navaa nilizonazo. Sasa nyie watu wa kamati za harusi mna nini na mimi?

Kitchen party ina sare yake, sendofu yake, harusi yake. Bibi harusi ni yule yule mmoja! Juzi limetumwa tangazo kwenye kundi: sare ni rangi ya damu ya mzee, iliyokolea, isiwe ile inayoelekea zambarau. Nikauliza kwa upole kama niliyovaa kwa binti wa shangazi inafaa. Jibu: "Mpendwa, ile imeshapauka, itatuharibia picha."

Na kitambaa ndiyo kwanza mwanzo. Unakinunua kwa mwanakamati aliyekifuata Kariakoo na kukipandishia bei (tunajua, tunanyamaza tu). Kuna bitana, kuna zipu, kuna fundi anayekuambia njoo Alhamisi, ukifika Alhamisi ndiyo anakata. Unaletewa gauni linalobana kwapani, na ndani hakuachia hata kiasi cha kutanulia. Kanisani hulivai, mpasuo umepanda mno. Ofisini nako na zile shanga kifuani utaulizwa unaimba bendi gani.

Mchango nimetoa wote na kadi ninayo. Nakuja na kitenge changu cha siku zote. Mkinikalisha nyuma karibu na jenereta, sawa, ila pilau inifikie ikiwa ya moto.