Kuona daktari bure siyo kupata dawa bure

Nimesoma makala inayosema mwenye miaka 60 na kuendelea hana haja ya bima ya afya kwa kuwa anatibiwa bure, na hapo sikubaliani nayo. Msamaha wa ada za matibabu upo kweli, ingawa kisera umelenga hasa wazee wasiojiweza. Mama yangu yuko Ngamiani hapa Tanga, ana presha na kisukari, na kitambulisho chake cha matibabu anakitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na daftari la kliniki. Kumwona daktari halipi. Akifika dirisha la dawa anaambiwa hakuna, kanunue nje. Kuna mwezi alikuwa anameza vidonge vya presha leo, kesho anaruka, ili vimfikishe, na hakutuambia. Niligundua nilipovihesabu mwenyewe. Iliniuma sana. Dada yetu ni mwalimu, na mtumishi wa umma aliye NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, huandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, wazazi wakiwemo, lakini wengi hujaza watoto tu nafasi zikaisha. Tulikaa kikao, nafasi moja akapewa mama. Siku hizi dawa zikikosekana hospitali anazichukua duka lenye mkataba na mfuko. Jirani yetu, mvuvi wa miaka mingi, hana mtoto hata mmoja aliyeajiriwa serikalini, na namwona akirudi na cheti mkononi bila dawa. Nyinyi ambao kwenu hakuna mtumishi, mzee wenu mmemkatia bima gani, na dawa zake za kila mwezi zimo?