Tusiikate Spektra Kwenye MeV 3

Katika mafunzo ya vipimo vya mionzi hurudiwa mara nyingi kwamba kigunduzi cha fuwele ya sodiamu iodaidi ni cha gama, yaani miali yenye nishati kubwa, peke yake, na kwamba anayetaka kugundua nyutroni, chembe za kiini cha atomu, atafute mrija wa heliamu-3. Mimi naona kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na inatugharimu sisi wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu heliamu-3 ni gesi adimu ambayo uhaba wake umekuwa ukisumbua hata mataifa tajiri tangu miaka ya 2008 na 2009.

Ni kweli kwamba nyutroni haina chaji, hivyo haiwezi kuzisukuma elektroni za fuwele na kuifanya imetemete. Lakini fuwele hiyo imejaa iodini, na kiini cha iodini humeza nyutroni iliyopunguzwa kasi, kikageuka iodini-128, aina ya iodini yenye mionzi, na kuitoa nishati ya ziada papo hapo kwa miali ya gama ambayo jumla yake hufikia takriban MeV 6.8 (MeV ni kizio cha nishati ya mionzi). Chuma, klorini na vitu vingine vinavyokizunguka kigunduzi hufanya vivyo hivyo. Sasa, mionzi ya asili ya udongo na miamba haina mwali wa maana unaozidi MeV 2.61, ule wa thaliamu-208 katika mlolongo wa thoriamu. Hata miamba yenye mionzi ya asili ya Panda Hill, kilima kilicho magharibi ya jiji la Mbeya, haiwezi kuuvuka mpaka huo. Kwa hiyo mipigo, yaani mimweko ambayo kigunduzi huihesabu, inayoongezeka kati ya MeV 3 na 8 ina habari ya kutueleza, nasi tunaitupa, kwa kuwa vifaa vingi hupangwa spektra, yaani mchoro wa idadi ya mipigo kwa kila nishati, iishie MeV 3. Kinachotakiwa ni kupunguza ukuzaji wa mipigo hadi kipimo kifike MeV 10, kisha kusahihisha nishati kwa mwali wa potasiamu-40, yaani MeV 1.46, pamoja na huo wa thaliamu.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni mionzi ya anga, ile inayoshuka kutoka anga za juu. Mbeya iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na miali hiyo, ambayo nayo huacha mipigo katika eneo lile lile la juu, ni mingi hapa kuliko Dar es Salaam. Atakayeazima kipimo cha usuli, yaani mionzi iliyopo tayari bila chanzo, kilichochukuliwa pwani na kukitumia huku ataona nyutroni zisizokuwapo. Usuli upimwe mahali penyewe, kwa saa nyingi, kabla ya chanzo kusogezwa karibu. Njia nyingine ya kujihakikishia ni kuizungushia fuwele mfuko wa chumvi ya kawaida ya jikoni, kwa kuwa klorini humeza nyutroni za polepole na kutoa mwali wa MeV 6.11. Binafsi naipendelea chumvi kuliko kadimiamu, metali ambayo nayo humeza nyutroni lakini ni sumu.

Nayasema haya nikizifikiria kazi za barabara. Vipo vipimo vya unyevu na mshindilio wa udongo ambavyo hubeba amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu, chanzo halisi cha nyutroni ambacho nusu uhai wake, yaani muda wa nguvu yake kupungua kwa nusu, ni miaka 432. Kimoja kikipotea na kuangukia kwenye vyuma chakavu, gama dhaifu za amerisiamu huzuiwa na chuma chembamba tu, lakini nyutroni, pamoja na gama ya MeV 4.4 inayotoka kwenye mchanganyiko huo, hupenya. Mwenye spektra iliyokatwa mapema hataviona vyote viwili.

Hata hivyo, fuwele hii haipimi dozi ya nyutroni, wala isitumiwe kutangaza kwamba mahali ni salama; kazi yake ni kutia shaka, ili wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania waitwe wakiwa na vifaa vinavyostahili. Kwa wanafunzi ipo faida ya ziada: chanzo kikiondolewa, iodini-128 iliyobaki ndani ya fuwele huendelea kutoa mipigo inayopungua kwa nusu kila dakika 25, na kipindi kimoja cha maabara kinatosha kuuchora mteremko huo.