Gemu ikikata, mchawi mtafute humo humo ndani

Jumamosi moja mwezi wa nne, masika inapiga mabati hapa Pasua, Moshi, mpaka TV husikii, nacheza gemu ya mpira mtandaoni, niko dakika ya 84 naongoza 2-1 na jamaa wa upande wa pili nimembana hapumui, mara wachezaji wangu wanaanza kutembea kama wametoka kwenye mbege, mpira unapotea hapa unaibukia kule, alafu skrini inaganda na ujumbe unakuja kwamba mawasiliano na seva yamepotea. Nikahesabiwa nimefungwa. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile na pedi ilinusurika ukuta kwa sababu tu nilikumbuka niliinunua shilingi ngapi.

Kama kawaida nikashika simu nikawapigia watu wa mtandao. Muziki dakika kumi na kitu, kisha dada mpole, "Pole kaka, umejaribu kuzima ruta na kuwasha?" Ruta ni kile kiboksi kinachogawa mtandao nyumbani. Nimejaribu dada yangu. "Basi naomba uzime tena, usubiri dakika tano." Nikazima nikasubiri, kesho yake ikakata. Wiki iliyofuata nikajiona mjanja nikapandisha kifurushi kutoka mega 10 kwenda 20, ikakata vilevile, tofauti tu ni kwamba sasa inakata kwa bei ya juu.

Sasa mi nasema hivi na najua wapo watakaonirushia mawe: gemu nyingi zinazokata majumbani kwetu zinakatwa na sisi wenyewe. Zinakatwa hapo kati ya ruta na pleistesheni (PS), mita chache za mwisho ambazo hakuna mtu wa kampuni atakuja kukukagulia, na sisi wenyewe hatuziangalii kwa sababu kusema "mtandao wa bongo bwana" ni rahisi kuliko kusogeza kabati.

Tuanze na hiyo spidi maana ndo inatumaliza hela. Gemu ya mpira au ya risasi ukishaingia kwenye mechi haili data ya maana, nyingi hazifiki hata megabaiti 200 kwa saa, saa moja ya video ya Youtube inaipita mbali. Kinachotumwa ni vipande vidogo vidogo mara nyingi kwa sekunde, umebonyeza pasi, umebonyeza shuti, mwenzako kakimbia kulia, na kila kipande kinatakiwa kifike sasa hivi, hakuna kusubiri. Filamu inaweza kujiwekea akiba ya sekunde thelathini mbele ndo maana unaangalia muvi mpaka mwisho bila tatizo alafu unasema "mbona muvi haikati", sasa gemu itajiwekea akiba ya nini wakati hujabonyeza bado? Kwa hiyo kinachouma kwenye gemu ni pingi, yaani muda wa kipande kwenda kwenye seva na kurudi, inayopanda na kushuka, na vipande vinavyopotea njiani, na hivyo viwili mara nyingi havipungui kwa kuongeza mega.

Na pingi nyingine ni umbali tu, usigombane na mtu. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 10 (milisekunde elfu moja ni sekunde moja) umeshazilipa hata kama kila kitu ni kizima. Kutoka Moshi mpaka London ni kama kilomita 7,000 kwa ndege, kebo zenyewe zinazunguka baharini, ukiona pingi ya seva ya Ulaya inasoma mia na zaidi hiyo ni jiografia. Seva ya Johannesburg ikiwepo ichague hiyo. Ila pingi ya 120 iliyotulia unacheza, unazoea. Pingi ya 60 ambayo kila baada ya dakika inaruka mpaka 900 haichezeki.

Haya, nyumbani kwetu ilikuwaje. Ruta iko nyumba kubwa sebuleni, mi nakaa chumba cha uani, katikati kuna kuta mbili za tofali za bloku, mlango wa chuma, na friji ambalo mgongo wake umeelekea huku kwangu. Na ruta yenyewe nilipoenda kuiangalia kwa mara ya kwanza tangu fundi aifunge niliikuta ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya TV, imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua pembeni, na juu ya kitambaa kuna vase. Nikaigusa, ya moto kama chapati. Nikamwambia mama, ruta inapata joto hii. Akaniangalia, "Kwani inaumwa?" Nikamwelezea kuhusu joto, akasema vumbi je. Tulijadiliana siku mbili, kitambaa kikahamia kwenye redio.

Hilo tu peke yake likapunguza. Halikumaliza.

Kilichonifungua macho ni kipimo kimoja cha kijinga sana ambacho ningekijua mapema ningeokoa hela ya ule mwezi. Unachukua laptop, unakaa nayo palepale PS ilipo, unafungua madirisha mawili ya kuandikia amri. La kwanza unaipingi ruta yako mwenyewe, yaani unaandika ping na namba yake, kwa wengi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, imeandikwa kwenye stika chini ya ruta. La pili unapingi kitu cha nje, mi natumia 8.8.8.8 ya Google. Unaacha vyote vinakimbia robo saa. Ikiwa ya ruta imetulia milisekunde mbili tatu alafu ya nje ndo inaruka na kupotea, hapo una haki, piga simu, lalamika, na uwatumie picha. Ila ikiwa ya ruta yenyewe inaruka, hiyo ni nyumbani kwako, kampuni haihusiki. Yangu ilisoma 3, 4, 41, 3, 187, hamna jibu, hamna jibu, 12. Kwenda sebuleni tu! Mita ishirini! Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu nikikumbuka nilivyomfokea yule dada.

Kwa wenye PS4 zile za kwanza za 2013 nawaonea huruma kidogo maana zinashika waifai ya gigahezi 2.4 tu, ya 5 haziioni kabisa, ilikuja na Slim na Pro mwaka 2016, na mtaani kwetu hizo za mtumba ndo nyingi. Hiyo 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, sasa hesabu majirani wangapi wana ruta, weka na maikrowevu maana nayo iko kwenye masafa hayohayo, mtu akipasha wali wewe unapoteza kona. Ya 5 ina nafasi zaidi ila ukuta unaiua haraka. Na ruta nyingi siku hizi zinatoa zote mbili kwa jina moja, PS inashika hii inaachia inashika ile katikati ya mechi, ingia kwenye setingi uzipe majina tofauti uchague mwenyewe.

Nikaanza pia kuandika kwenye daftari kila inapokata, saa na dakika. Washkaji walinicheka, ila wiki mbili baadaye daftari likaongea. Mchana karibu hamna kitu. Usiku, saa moja na dakika arobaini, saa mbili kasoro kumi, saa moja na hamsini, karibu kila siku isipokuwa Jumapili. Nani hayupo kazini Jumapili? Dada yangu. Dada anauza nguo soko la Memorial, kutwa anapiga picha na video za mzigo mpya kwa ajili ya wateja wa WhatsApp, akifika nyumbani saa moja na nusu anatupa mkoba kwenye kochi, simu yake inajishika waifai na inaanza kuaplodi vitu vyote vya siku hiyo bila hata yeye kujua. Upande wa kuaplodi ukijaa, vile vipande vyangu vidogo vinapanga foleni nyuma ya mavideo yake, ni kama boda iliyobeba dawa imekwama nyuma ya fuso la ndizi kwenye njia ya gari moja, boda ina haraka na ni ndogo lakini itafanyaje. Sikumgombeza, biashara yake ndo inalipia nusu ya huo mtandao. Tulikubaliana simu iaplodi usiku wa manane ikiwa kwenye chaji, alafu nikaingia kwenye ruta nikaweka ile QoS, setingi ya kupanga nani apite kwanza, nikapunguza kidogo kiwango cha kuaplodi ili foleni isijae. Ruta yako ikiwa nayo itumie, watu wanaipita tu kwenye menyu. Na kagua PS yako pia, yangu niliikuta inashusha apdeti ya gemu nyingine ya gigabaiti kibao wakati mi nacheza.

Lakini dawa yenyewe, na hapa ndo nitabishana na mtu yeyote, ni waya. Waya jamani. Watu wananunua ruta zenye antena sita kama buibui, wananunua vile vidude vya kurefusha waifai ambavyo vingi vinaongeza pingi tu, wanabadilisha DNS kwa sababu mtu kasema Youtube (DNS inakutafutia anwani ya seva mwanzoni, mkishaingia kwenye mechi haina kazi tena, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 utakavyo haitakuokoa dakika ya 84), ila ukiwaambia waya wanakuona mshamba.

Mi nilinunua mita 30 za waya wa mtandao mjini na vichwa sita vya kuchomekea, vinne vikiwa vya kuharibu. Kichwa cha kwanza nilikosea. Mpangilio ukiangalia kichwa kile kiulimi chake kikiwa chini, kutoka kushoto, ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, na huo kijani wa namba sita ndo unaoruka wenzake ukakaa mbali na pacha wake, mi nikauweka karibu na pacha wake kwa sababu macho yalitaka hivyo, PS ikasema hakuna waya. Nikakata, nikarudia, na koleo la kuazima linalohitaji mikono miwili na magoti. Kaangalie pia uzito wa waya dukani, ule mwepesi sana unaouzwa bei ya kutupwa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, unakatika ukikunja mara mbili. Nikaupitisha chini ya zulia la sebuleni, dirisha la jikoni, juu ya kamba ya nguo, mpaka kwangu. Kipimo kilekile, robo saa: 1, 1, 1, 1, 1. Niliangalia hizo moja kama mtu anaangalia mtoto mchanga.

Umeme ni habari nyingine. Umeme ukiyumba nusu sekunde, taa inafifia, PS inavumilia, ila ruta inajizima na kujiwasha upya, dakika mbili tatu, mechi ishakwenda. Kwetu ilikuwa mtu akichomeka pasi. Kuna vile viyupiesi vidogo vya volti 12 vya ruta, vyenye betri ndani, hata kama hutacheza umeme ukikatika kabisa, kile kifupi cha kufifia kinakupita bila kukigusa.

Na dogo mmoja jirani anatumia ruta ya laini ya simu, yeye hata waya haukumsaidia kitu kimoja, anacheza lakini hasikii wenzake wakiongea na wakimwalika anagoma kuingia. PS inamwandikia NAT aina ya 3, yaani wenzake wa nje wanashindwa kumfikia moja kwa moja. Tukafungua ruta yake, anwani ya upande wa nje inaanzia 100.70 na kitu. Ukiona kati ya 100.64 na 100.127 ujue kampuni imewaweka watu kibao nyuma ya anwani moja, hakuna kitufe cha kwako utakachobonyeza kikaondoa hiyo, unawaomba anwani ya peke yako au unahama. Hapo nipo upande wa mteja asilimia mia. Kama nilivyo upande wake siku kama Mei 12, 2024 kebo mbili za baharini zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na mtandao ukayumba Tanzania na kwa majirani, siku hiyo hata ukivuta waya wa dhahabu. Na ile taa ya LOS kwenye kiboksi cha faiba ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwako, usihangaike na kabati, piga simu. Na kampuni nazo, mnatuuzia mega ngapi ngapi kwenye mabango, siku moja mtuandikie na pingi.

Mimi tangu mwezi wa sita sijakatiwa mechi hata moja, nafungwa vizuri tu mpaka filimbi ya mwisho. Tatizo lililobaki ni la zulia. Juzi mama kajikwaa, akashika waya kwa vidole viwili kama ameshika nyoka, "Hili litoke lini?" Nikamwambia Jumamosi fundi anakuja kuupitisha darini. Akaniuliza Jumamosi ipi.