Majina ni Yaleyale, Kazi ni Nyingine: Wiki ya Januari Umeå

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, alinipigia simu siku ya kwanza ya likizo yangu ya Januari, na baada ya salamu akataka kujua kutwa nzima ninafanya nini ndani ya nyumba wakati nje kuna baridi ya kugandisha mto. Nilimjibu kwamba nafua, napika na kufuma vitambaa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, wewe hujaondoka Tanga." Alisema kwa upendo, nami sikubishana naye, kwa kuwa ni mmoja wa walionilea. Hata hivyo, neno lake lilikaa nami wiki nzima, nami naona kwamba halikuwa sahihi. Majina ya kazi ni yaleyale, lakini nani anazifanya, anazifanya akiwa na nani, na zinamchukulia nini katika siku yake, ni habari nyingine kabisa.

Naishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, na riziki yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Sheria ya hapa inampa mwajiriwa siku 25 za likizo yenye malipo kila mwaka. Wenzangu wengi huziweka zote kwa ajili ya kiangazi au safari ya nyumbani, lakini mimi hutenga chache kwa ajili ya mwanzo wa mwaka, wakati shule zimefungwa, theluji imefunika kila kitu, na kila dirisha la mji bado lina taa ndogo zilizowashwa tangu kabla ya Krismasi. Sitoki kwenda popote. Mwaka huu kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi 22 chini ya sifuri kwa siku tatu mfululizo, nami nilishukuru kwamba hakuna aliyenihitaji nje.

Mtu wa Pwani akifika huku, kinachomvuruga kwanza ni saa. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na ikifika saa kumi na mbili jioni mchana umekwisha. Tanga, ulio nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, hesabu hiyo haipotei sana mwezi wowote. Umeå, karibu na nyuzi 64 kaskazini, mwanzoni mwa Januari jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kwenye saa nane mchana. Mama yangu alipanga kazi zake zote kwa adhana: maharage yalibandikwa baada ya alfajiri, wali ulikuwa tayari adhuhuri, nguo zilianuliwa alasiri. Huku adhuhuri, alasiri na magharibi huingia ndani ya muda usiofika saa tatu, ukitoka kwenye swala moja umekaribia nyingine, na baada ya hapo usiku ni mrefu mno. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba usiku huo ni wakati wa kufanyia kazi, kwamba mtu anaweza kukanda unga gizani saa kumi na asijione kama amechelewa.

Nianze na kufua, maana ndiko tofauti iliko kubwa. Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia, chini kabisa, kinachotumiwa na familia zote. Hushuki kufua unapopenda. Unachagua siku na saa, unaandikisha zamu, na kwa saa tatu chumba kile ni chako peke yako. Mashine zinafua, kabati la hewa ya moto linakausha, na kabla ya kutoka unatakiwa kusafisha chujio la mashine, kufagia sakafu na kuondoka kabla zamu ya mwenzako haijaanza. Utaratibu huu ni wa haki, nami nauheshimu; tajiri na maskini wanafua palepale, na hakuna anayemtangulia mwenzake kwa sababu ya cheo. Lakini nimefua pale kwa miaka tisa, na jirani anayefua kabla yangu siku ya Jumanne namjua kwa harufu ya sabuni yake tu.

Nyumba niliyokulia ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye korido katikati na uani nyuma, ambapo wapangaji wote walifua, walipika na kuoga. Siku ya kufua mabeseni yalipangwa ukutani, sabuni ya mche ikakatwa vipande, na hakuna jambo la mtaa lililopita bila kujadiliwa: nani kaposwa, nani kafiwa, nani anadaiwa dukani. Mama alipokuwa na homa, nguo zetu zilifuliwa na mpangaji wa chumba cha mbele bila kuombwa, na wala halikuhesabiwa kuwa jambo la kusimuliwa. Hilo ndilo ninalolikosa, nalo hakuna mashine iliyotengenezwa kulifanya.

Ila hapa ndipo ninapotofautiana na wenzetu wengi wa ughaibuni, hasa akina kaka, ambao kila wakikutana hukumbuka nyumbani kana kwamba kazi za uani zilijifanya zenyewe. Maji yale hayakuja yenyewe. Nyumba yetu haikuwa na bomba. Tulinunua ndoo kwa ndoo kwa jirani, na waliobeba ndoo hizo walikuwa mimi na dada zangu, kabla ya shule, wakati kaka zetu wamelala. Na katika nyumba zilizokuwa na uwezo zaidi kidogo kuliko yetu, ndoo ilibebwa na msichana wa kazi aliyeletwa kutoka Lushoto au Handeni akiwa na umri ambao alipaswa kuwa darasani. Yeye hakuketi kwenye mazungumzo ya uani, alikuwa akisuuza. Sheria ya ajira ya Tanzania inataja siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini sikumbuki msichana wa kazi hata mmoja mtaani kwetu aliyepewa hata wiki, isipokuwa amefiwa. Kwa hiyo nikimsikia mtu mzima akisema huku tumekuwa watumwa wa kazi za nyumbani na kwamba kule tuliishi kifalme, namwomba akumbuke mfalme huyo alitekewa maji na nani.

Mume wangu alikuja huku hajawahi kuosha sufuria. Leo zamu ya Jumanne ni yangu, ya Ijumaa ni yake, na hukunja shuka vizuri kuliko mimi. Sidhani kwamba ni Uswidi iliyombadilisha tabia. Naamini ni kukosekana kwa dada, mama na msichana wa kazi ndani ya nyumba, hata kazi ikabaki inamtazama usoni. Baridi yenyewe ina kazi moja ambayo ameifanya kuwa yake kabisa. Siku ya baridi kavu, theluji ikiwa laini kama unga, hutoa mazulia nje, huyalaza kifudifudi juu ya theluji na kuyapiga, na akiyainua huacha alama ya kijivu chini, ambayo ndiyo vumbi la miezi. Alifundishwa na mzee mmoja wa jengo letu, na ndiyo mara ya pekee majira haya ambapo watu wawili wa jengo hili wamewahi kusimama pamoja wakifanya usafi.

Upishi nao una mambo yake. Tanga jiko lilikuwa uani kwa sababu ya moshi na joto, na kila mtu isipokuwa mpishi alikaa mbali nalo. Huku jiko ndipo familia nzima inapokimbilia. Nikiwasha tanuri, watoto huleta vitabu vyao mezani bila kuitwa, na mume wangu hujipatia sababu ya kumenya vitunguu. Unga wa mahamri, ambao nyumbani huumuka kabla hujamaliza kuosha vyombo, hapa naufunika na kuuweka juu ya kipasha joto cha chini ya dirisha, na bado unaweza kudai nusu ya siku. Mafuta ya nazi, ambayo Tanga ni maji karibu mwaka mzima, hapa yameganda kama samli ndani ya chupa, kwa kuwa nyumba ina nyuzi 20 tu nayo huhitaji kama 24 ili yayeyuke.

Nazi yenyewe sikuni tena. Mbuzi ya kukunia niliyopewa na mama nimeiweka juu ya kabati, kwani nazi zinazofika dukani huku mara nyingi zimekauka au zimeoza ndani. Natumia tui la kopo. Kwa muda mrefu nililidharau, mpaka nilipogundua kwamba makopo yakikaa kwenye stoo yenye baridi, mafuta hupanda juu na kuganda, na maji hubaki chini. Sasa nafungua kopo taratibu, naweka pembeni ile sehemu nzito, napikia mchele kwa ile nyepesi, na tui zito naliongeza mwishoni, kama mama alivyofanya na kifumbu chake. Wali wa Jumatano ulitoka hivyo. Niliula na samaki wadogo wa Bahari ya Baltiki, jamii ya dagaa, niliowakaanga wakakauka hadi mifupa. Nakiri kwamba hawana utamu wa samaki wanaonunuliwa kwa mafungu ufukweni Deep Sea, Tanga, asubuhi, baada ya kupatana bei hadi muuzaji anaapa kwamba unamfilisi. Dukani huku nilichukua samaki kwenye jokofu, nikalipa kwenye mashine, nikatoka bila kumwambia mtu neno.

Jioni za wiki hiyo zilikuwa za kufuma. Nyumbani kwetu vitambaa vya kufuma vilikuwa kila mahali: juu ya makochi, juu ya redio, juu ya mtungi. Shangazi alijifunza kroshia kwenye masomo ya sayansi kimu, na alifuma kwa uzi mweupe wa pamba ambao aliulinda kuliko fedha. Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka kumi, nikajua kuanza mnyororo na kufunga duara, kisha sikuendelea, kwa kuwa saa za jioni zilikwenda kwenye maji, mkaa na vyombo. Nimeirudia kazi hii Umeå, mwaka wa pili wa kuishi hapa, na sababu ni rahisi: mashine ilikuwa inafua, maji ya moto yalikuwa bombani, na mikono yangu ilikuwa tupu wakati wa giza. Nasema wazi kwamba umaskini wa maji ulininyima sanaa ya shangazi yangu, na nchi ya baridi imenirudishia. Ingekuwa dhuluma kutolikiri hilo.

Aliyenishangaza zaidi ni mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi na mmoja. Shule za hapa zina somo la kazi za mikono, la uzi na la mbao, nalo ni la lazima kwa wasichana na wavulana sawasawa. Alirudi nyumbani akijua kushika sindano ya kroshia, na akaanza kitambaa cha duara kwa sufu ya kijani. Nilimpigia shangazi picha. Alisita kwanza, akauliza kama mtoto hatachekwa na wenzake. Nilimkumbusha kwamba wavuvi wa Tanga hushona nyavu zao kwa mikono na kwamba kofia nyingi za kushona kwa mkono hupitia mikononi mwa wanaume, naye akacheka akasema ni kweli, na kwamba watu hupanga haya za ajabu.

Tangu siku ile simu zetu zimebadilika. Majira haya Tanga imetutangulia kwa saa mbili, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni kwetu ni saa mbili usiku kwake, ameshakula na amekaa. Naiweka simu mezani kwa sauti ya wazi, naye yuko na uzi wake, mimi na wangu, mtoto na wake. Mara nyingine robo saa nzima hupita bila mtu kusema, nasikia tu feni yake na bodaboda barabarani, na yeye nadhani husikia sufuria yangu. Nilipokuwa mgeni hapa nilidhani simu ni ya kupeana habari, na zikiisha unakata. Nilikuwa nakosea, nami nawashauri wote wanaolia upweke huku wajaribu kupiga simu ya kufanyia kazi, badala ya ile ya salamu peke yake.

Ijumaa mtoto alikuwa kwenye mzunguko wa nne. Shangazi alimwambia ahesabu vitanzi kwa sauti, kwa Kiswahili, naye akahesabu taratibu, akikwama kwenye thelathini na tisa kama kawaida yake, hadi arobaini na nne. "Wa kwanza uliweka kumi na mbili?" shangazi akauliza. Akajibu ndiyo, kumi na mbili. "Kila mzunguko huongeza kumi na mbili, basi wa nne ni arobaini na nane. Umepunja vinne, baba. Ukiendelea hivyo kitasimama kama kawa, hakitalala mezani." Mtoto hakujua kawa ni nini, na shangazi akamweleza kwa kirefu kifuniko kile cha ukili na chakula kilichokaa chini yake, sahani kwa sahani, huku mimi nikiushika ule uzi wa kijani na kuuvuta. Tulifumua mzunguko mzima, akaanza tena kuhesabu kutoka moja, na simu haikukatwa mpaka shangazi aliposema macho yamekuwa mazito.