Nyumba iliyozama kwenye udongo mweusi: kuchimba chini ya msingi au kuyafunga maji kwanza?

Mlango unakwama Aprili, na ikifika Februari unafunguka bila kusukumwa. Ufa unaanza kwenye kona ya dirisha, unapanda ukutani kwa ngazi ukifuata viungo vya mawe, na kila mwaka unaongezeka kidogo. Anayejenga Nyamasaria, Rabuor au Ahero, kwenye udongo mweusi unaonata wa tambarare ya Kano karibu na Kisumu, anazijua dalili hizi. Asichokijua mara nyingi ni dawa yake, kwa sababu atakaowauliza watampa majibu mawili yanayopingana. Wa kwanza watasema achimbe chini ya msingi na kumwaga zege jipya. Wa pili watasema aweke gata, azibe maji, asubiri.

Msimamo wetu ni kwamba maji yatangulie, vipimo vifuate, na uchimbaji uje mwisho. Hata hivyo, wanaotetea uchimbaji wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali, na kuna nyumba ambazo kusubiri kunaziumiza.

Tuanze na neno lenyewe, "kuzama", maana limewapoteza wengi. Udongo huu una madini ya smektaiti, ambayo hunyonya maji katikati ya tabaka zake na kuvimba, kisha husinyaa yanapotoka. Mchezo huo hutokea zaidi katika mita 1 hadi 3 za juu. Nguvu ya kuvimba inaweza kuushinda uzito wa nyumba ya orofa moja, kwa hiyo udongo haubebi nyumba tu, unaiinua pia. Sakafu ikishafunika ardhi, unyevu wa chini yake haupati pa kutokea. Katikati hubaki na maji na kupanda, huku kingo zikikauka Januari na Februari na kushuka. Mwenye nyumba huona kona imeshuka na kusema nyumba imezama, ilhali kilichotokea huenda ni kwamba sebule imepanda. Ukichimba chini ya kona hiyo peke yake, sebule itaendelea kupanda.

Ufa wenyewe hutoa ushahidi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kingo zimeshuka au katikati imepanda. Ukiwa mpana chini, katikati imeshuka au kingo zimeinuliwa, jambo linalotokea sana mvua ikianza baada ya kiangazi kirefu. Nyufa zilizo kwenye kiungo cha nyumba ya zamani na chumba kilichoongezwa ni kesi nyingine: misingi miwili ya umri na kina tofauti haiwezi kusogea pamoja.

Sasa hoja ya maji. Paa la nyumba ya mita 9 kwa 12, pamoja na mabati yanayotokeza nje ya ukuta, lina takriban mita za mraba 120. Mvua ya jioni moja ya milimita 50 humwaga hapo lita 6,000. Bila gata, maji yote hayo huangukia mstari mmoja, hatua moja tu kutoka msingini. Tangi la lita 5,000 halitoshi kuyapokea, kwa hiyo bomba la kumwaga ziada ni la lazima, na liende mita 3 au zaidi kutoka ukutani. Tangi lenyewe lisikae karibu na ukuta: likijaa lina uzito wa tani 5, na likivuja hakuna atakayejua hadi ufa utokee.

Baada ya gata ni sakafu ya nje kuzunguka nyumba, upana wa mita 1.5, ikishuka milimita 75 kutoka ukutani hadi ukingoni. Chini yake iwekwe nailoni nzito ya geji 1000, na zege likatwe viungo kila mita 2 hadi 3. Lisiunganishwe na ukuta kamwe. Acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 na uijaze lami, la sivyo sakafu ikiinuka itaukwaruza na kuusukuma ukuta.

Kabla ya kumwaga zege hilo, milimita 300 za juu za udongo mweusi zitolewe na kuwekwa maramu iliyoshindiliwa, au udongo uleule uchanganywe na chokaa asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake mkavu. Kwa nyumba tuliyoitaja ni kama mita za ujazo 21 za udongo, na kwa asilimia 5 utahitaji karibu tani 1.4 za chokaa, yaani mifuko 56 ya kilo 25. Chokaa haiko mbali, kwani Koru huchimbwa na kuchomwa. Lakini iwe chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji. Ile ya shambani, ambayo ni jiwe lililosagwa tu, haiubadilishi udongo huu hata ukimwaga lori zima. Changanya, acha siku moja hadi mbili, changanya tena, kisha shindilia kwa tabaka za milimita 150.

Kosa moja linarudiwa sana na linaumiza kwa sababu hufanywa kwa nia njema: kuchimba mtaro kando ya msingi na kuujaza kokoto ili "unywe maji". Kwenye mchanga wazo hilo ni zuri. Kwenye udongo mweusi mtaro huo ni beseni. Maji huingia kwenye kokoto, hayapati pa kwenda, na hukaa palepale msingini wiki nzima. Mtaro unaosaidia huchimbwa mita 1 hadi 1.5 kutoka ukutani, kina cha mita 1 hadi 1.2, ukawekwa nailoni wima upande wa nyumba, kisha ukajazwa udongo ulioshindiliwa.

Miti nayo imo. Mkaratusi usiwe karibu na nyumba kuliko urefu wake. Lakini mti wa miaka mingi ukikatwa kwa siku moja, udongo uliokuwa umekaushwa na mizizi huanza kurudisha maji na kuvimba, na unaweza kuendelea hivyo kwa miaka. Punguza matawi kwanza, msimu baada ya msimu. Bustani ya sukuma wiki inayomwagiliwa chini ya dirisha iondoke leo hii.

Udhaifu wa hoja ya maji ni upi? Kwanza, inazuia mvua lakini hairudishi unyevu wakati wa ukame. Pili, haimgusi jirani mwenye shimo la choo lililojaa au miti mitano mpakani. Tatu, na hili ndilo kubwa, haiponyi msingi uliojengwa vibaya. Msingi wa futi 2 unaotosha kwenye udongo mwekundu wa Vihiga au Kisii, usiovimba kiasi hiki, ukihamishiwa Kano unakaa katikati kabisa ya tabaka linalopanda na kushuka. Gata haiwezi kuuteremsha msingi huo.

Hapo ndipo wanaotetea uchimbaji wanapopata nguvu. Kuuongezea msingi kina ni kuupitisha chini ya tabaka linalosogea, na ukifanywa nyumba nzima, kwa kina sahihi, hudumu. Swali ni gharama na utaratibu. Ukuta hugawanywa vipande vya mita 1.2, vikapewa namba 1 hadi 5 kwa kurudia. Namba 1 zote huchimbwa na kujazwa kwanza, kisha 3, kisha 5, kisha 2, mwisho 4, ili wakati wowote ule sehemu ya ukuta inayoning'inia isizidi moja ya tano. Zege humwagwa hadi milimita 75 chini ya msingi wa zamani. Baada ya saa 24 au zaidi, nafasi hiyo hupigiliwa kwa nguvu mchanganyiko mkavu wa saruji 1 kwa mchanga mkali 3, wenye unyevu wa kushikana tu ukiufumba mkononi. Kipande kinachopakana nacho kisichimbwe kabla ya siku 2 hadi 3 baada ya hapo.

Fanya hesabu. Kipande cha mita 1.2, upana 0.6, kina cha ziada 1.5, ni mita ya ujazo 1.08. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4 kinakula mifuko 7 hivi ya saruji ya kilo 50. Mzunguko wa mita 42 una vipande 35: mifuko 245, mchanga kama mita za ujazo 17, kokoto kama 34. Kuta za ndani bado hazijahesabiwa. Ni mzigo wa kutosha kuanza nyumba nyingine ndogo, na ndiyo maana watu wengi huishia kuchimba upande mmoja tu, ule wenye ufa.

Na hilo ndilo tunalolipinga kwa nguvu zote. Upande uliochimbiwa hutulia, uliobaki huendelea kupanda na kushuka na misimu, na ufa mpya huzaliwa pale pande hizo mbili zinapokutana. Mwenye nyumba amelipa, na bado ana ufa. Kama fedha zinatosha nusu ya nyumba tu, zipelekwe kwenye maji.

Kuna mambo mengine mawili yanayoharibu kazi hii. Kazi hufanywa kiangazi, na ni sawa, kwa kuwa kuta za shimo la udongo mweusi huporomoka zikilowa. Hata zikiwa kavu, shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1.2 liwekewe mbao za kuzuia kabla ya mtu kuingia. Lakini kiangazi ndipo udongo umesinyaa zaidi. Zege likikalia udongo uliokauka, mvua itauvimbisha na kuliinua zege pamoja na nyumba. Kwa hiyo kitako cha shimo kipite tabaka linalosogea, na kifunikwe kwa zege jembamba siku hiyohiyo kinapochimbwa. Jambo la pili ni msukumo wa pembeni: uso wa zege jipya utenganishwe na udongo kwa nailoni na ubao mwepesi mweupe, ule wa kufungia televisheni, unene wa milimita 50, ili udongo ukivimba ubonyeze ubao na si zege.

Kina sahihi hupatikana kwa shimo la majaribio la mita 3, si kwa kukisia. Karibu na vilima vya Kajulu na Riat unaweza kugonga mwamba mapema. Katikati ya tambarare udongo unaendelea chini sana, na upande wa Dunga na Nyalenda, karibu na ziwa, shimo linaweza kujaa maji kabla hujafika. Huko nguzo fupi zilizochimbwa kwa keekee hushinda ukuta wa zege: kipenyo milimita 300, kina cha mita 3 au zaidi, vyuma 4 vya milimita 12 toka juu hadi chini, kwa sababu udongo unaovimba huivuta nguzo kwenda juu. Sehemu yake ya juu izungushiwe nailoni mara mbili, na bimu inayobeba ukuta iachwe wazi milimita 75 hadi 100 juu ya ardhi. Kazi hiyo inahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya na kibali cha kaunti.

Mbinu zinazosifiwa kutoka Texas, kama nguzo za chuma zinazosukumwa kwa jeki na gundi inayofura inayodungwa chini ya sakafu, zipewe nafasi yake na si zaidi. Jeki hutumia uzito wa nyumba kuisukuma nguzo chini, na nyumba ndogo ni nyepesi kwa kazi hiyo. Gundi huinua sakafu na kujaza uwazi, lakini haiuzuii udongo kuvimba tena.

Wa Nakuru wasinakili haya yote. Sehemu kubwa ya mji ule imekaa juu ya majivu ya volkano, ambayo hayavimbi bali huporomoka ghafla yakilowa. Huko kuyafukuza maji kunafaa vilevile, lakini nyumba ikishashuka hairudi juu mvua ikinyesha.

Ili kuchagua, pima. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, urefu wa mita 15, toa viputo vyote vya hewa, weka alama ya usawa mmoja kwenye kona zote na katikati ya kila ukuta. Rudia mwisho wa Februari, Mei, Septemba na Desemba, na uandike tarehe penseli ikiwa mkononi. Funga bomba zote usiku na usome mita ya maji. Ikiwa imesogea asubuhi, kuna bomba linalovuja. Kona zikipanda na kushuka na kurudi karibu palipokuwa, maji ndiyo kazi. Kona moja ikishuka kila kipimo, mvua na kiangazi, uchimbaji una haki. Na ufa ukipita milimita 25 na bado unakua, au linta, ile bimu ya juu ya mlango au dirisha, ikianza kuchomoka kwenye kikalio chake, hakuna kusubiri mwaka: wekea nguzo za muda leo na umwite mhandisi.

Kuziba nyufa kuje baada ya vipimo kutulia. Ufa ukizibwa kwa saruji ngumu ukiwa wazi kabisa, msimu unaofuata utataka kujifunga na utakuta kabari ndani yake. Ukuta utapasuka pembeni. Kata mifereji ya kina cha milimita 40 kwenye viungo vya mawe, kila mistari miwili, laza chuma cha milimita 6 kikivuka ufa kwa milimita 500 kila upande, kisha jaza kwa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Mchanganyiko huo ni laini kuliko jiwe, na ukuta ukisogea kidogo ndio utakaopasuka kwanza, mahali ambapo fundi anaweza kurudi na kuurekebisha kwa karai moja.