Watu 89 wa New York na Swali la Uraia Kwenye Sensa

Aprili 2021, matokeo ya sensa ya Marekani yalipotangazwa, jimbo la New York lilipoteza kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi kwa kupungukiwa watu 89. Themanini na tisa, katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni 20. Jengo moja la ghorofa kule Bronx linawatosha wote. Wangehesabiwa hao, na majimbo mengine yakabaki yalivyo, kiti kingekuwa cha New York. Kikabaki Minnesota.

Ukiishika hesabu hiyo utaelewa kwa nini majimbo, miji na mashirika ya kiraia walikimbilia mahakamani kwa sababu ya swali moja fupi: je, mtu huyu ni raia wa Marekani? Sensa ya huko hufanyika kila miaka 10 kwa agizo la katiba. Viti 435 hugawanywa kwa idadi ya watu, kura za wajumbe wanaomchagua rais hufuata viti, na fedha za serikali kuu za matibabu, shule na barabara hufuata hesabu hiyohiyo. Tena Marekebisho ya 14 ya Katiba yanataka wahesabiwe watu wote wa kila jimbo. Neno lililotumika ni watu, halikuwekwa raia.

Machi 2018, Waziri wa Biashara Wilbur Ross, ambaye Ofisi ya Sensa iko chini yake, alitangaza kwamba swali hilo litaingia kwenye dodoso la 2020. Sababu aliyotoa ni kwamba Wizara ya Sheria imeomba takwimu hizo ili isimamie vizuri Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, inayolinda wapiga kura wa jamii za wachache. New York na wenzake wakafungua kesi. Nyingine zikafunguliwa California na Maryland.

Hoja ya serikali isipuuzwe. Swali lenyewe ni la zamani: lilikuwemo kwenye sensa ya 1820, likawa linaingia na kutoka hadi 1950, na hata leo linaulizwa kila mwaka kwenye utafiti wa sampuli wa Ofisi ya Sensa. Umoja wa Mataifa unapendekeza sensa ziulize uraia. Kanada na Australia huuliza. Hata Tanzania karani wa sensa huuliza, na wenyeji humjibu huku wakimsogezea kiti. Kuna na malalamiko ya haki upande ule. Alabama, jimbo lenye wahamiaji wachache, ilifungua kesi yake mwaka huohuo 2018 ikitaka wasio na hati wasihesabiwe katika kugawa viti, maana iliona kiti chake kinaponyoka kwenda kwa majimbo yenye wahamiaji wengi. Ukiwa mpiga kura wa Alabama, hilo linauma, na sioni sababu ya kumwita mtu huyo mbaguzi kwa kuuliza tu.

Sasa ingia kwenye nyumba moja, ya mfano, lakini familia za namna hii ziko nyingi katika miji ya Marekani yenye wakimbizi kutoka Kongo. Baba ana kadi ya ukaazi. Mama bado anasubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi. Watoto watatu wamezaliwa hukohuko, ni raia kama rais mwenyewe. Kwenye kochi la sebuleni analala binamu ambaye viza yake imeisha muda. Dodoso linafika. Linataka jina la kila mtu, umri wake, na sasa uraia wake. Mama ataandika nini kwenye mstari wa binamu? Pengine hataandika chochote, bahasha itaishia kabatini, na watoto watatu ambao ni raia watakosa kuhesabiwa pamoja na wakubwa wao. Shule yao itapangiwa fedha kana kwamba hawapo.

Hofu hiyo ilipimwa na wataalamu wa Ofisi ya Sensa wenyewe. Walikadiria kwamba katika kaya zenye mtu asiye raia, wanaojaza dodoso wenyewe bila kufuatwa na karani wangepungua kwa asilimia 5.8 hivi. Mwanasayansi wao mkuu, John Abowd, alishauri kumbukumbu zilizopo serikalini zitumike badala ya swali: gharama ni ndogo na takwimu ni safi zaidi. Ushauri huo ni mzito, kwani utafiti wa ofisi hiyo ulionyesha kuwa kama asilimia 30 ya wasio raia, ukiwauliza, husema ni raia. Kwa hiyo swali lingefukuza watu na bado lingeleta majibu ya uongo.

Kuna anayesema: sheria inakataza taarifa za mtu za sensa kutolewa, hofu ya nini? Sheria ipo kweli, na ni kali. Lakini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Bunge liliulegeza ulinzi huo, na takwimu za sensa ya 1940 zikasaidia kuwasaka Wamarekani wenye asili ya Japani na kuwapeleka kambini. Mama wa kwenye mfano wangu huenda hajui habari hiyo. Anajua tu kwamba serikali inayouliza ndiyo serikali inayofukuza.

Kilichoiangusha serikali, hata hivyo, kilikuwa karatasi zake yenyewe. Barua pepe zilizotolewa mahakamani zilionyesha kuwa Mei 2017, miezi saba kabla ya barua ya Wizara ya Sheria, Ross alikuwa akilalamika kwa wasaidizi wake kwamba ombi lake la kuweka swali halijatekelezwa. Wasaidizi wakazunguka wizara nyingine kutafuta wa kuliomba, mpaka Wizara ya Sheria ikakubali kuandika. Yaani sababu ilitafutwa baada ya uamuzi. Januari 2019 Jaji Jesse Furman wa New York alilizuia swali kwa hukumu ya kurasa 277.

Juni 27, 2019 Mahakama ya Juu ikaamua. Jaji Mkuu John Roberts aliwapa serikali mengi: katiba inaruhusu kuuliza uraia, na waziri ana uhuru wa kuukataa ushauri wa wataalamu. Ila kwa kura 5 dhidi ya 4 mahakama ikasema sababu iliyotolewa ilikuwa ya kubuni, na majaji hawalazimiki kujifanya hawaoni kile ambacho mwananchi wa kawaida anakiona. Wiki mbili baadaye Rais Trump aliliacha swali na kuagiza kumbukumbu za serikali zitumike, njia ileile aliyoipendekeza Abowd.

Wengi walishangilia. Mimi naona hukumu hiyo ni nzuri ila ni nyembamba. Iliadhibu uongo, haikumlinda anayeogopa. Waziri mwingine akija na sababu ya kweli, hata kama itawatisha mamilioni, mlango uko wazi. Kwa hiyo kazi imebaki kwa Bunge, ambalo katiba imelipa mamlaka ya kuamua sensa iendeshwe vipi. Liamue hadharani, wakiwa na makadirio ya Abowd mezani.

Hata bila swali, sensa ya 2020 iliwakosa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa karibu asilimia 5, wakati 2010 ilikuwa asilimia 1.5 hivi. Korona ilichangia, siwezi kuutupia mjadala wa uraia mzigo wote. Lakini kelele zile zilikuwa zimeshafika kwenye milango ya watu.

Agosti 2025 Trump alisema ameiagiza Wizara ya Biashara ianze kuandaa sensa mpya isiyowahesabu walioko nchini bila kibali. Sensa ya kawaida ni 2030. Ile ya 2020 ilikuwa na miongozo katika lugha 59 mbali na Kiingereza, Kiswahili kikiwemo. Mama yule anaweza kuwekewa maelekezo ya Kiswahili fasaha, akayasoma mstari kwa mstari pale mezani, akafika kwenye jina la binamu, akaiweka kalamu chini.